Watoto watano wa Jumamosi, na swali la Jumatatu

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nasoma elimujamii, mwaka wa kwanza, hapa Mwanza. Tumepewa kazi ya kuchagua filamu moja ya vijana na kuwachambua wahusika wake kwa jicho la elimujamii. Nimechagua *The Breakfast Club*. Nimeandika kurasa nne: Claire anaringa, Andrew ana nguvu, Brian ana akili, Bender ni mkorofi, Allison si mzima kichwani. Mhadhiri amenirudishia na maneno mawili tu: 'Hii saikolojia.' Halafu mwenzangu wa chumbani anasema filamu ya Wazungu ya mwaka 1985 haina la kumfundisha mtu wa Buhongwa. Nimekosea wapi? Na mwenzangu je, ana haki?"

Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako amesema kweli, ila amekuacha njiani. Ngoja nikusindikize.

Kwanza niwaeleze wasioijua filamu hii. Aliyeiandika na kuiongoza ni John Hughes. Wanafunzi watano wa sekondari wanaitwa shuleni siku ya Jumamosi, tarehe 24 Machi 1984, kutumikia adhabu ya kukaa maktabani kutwa nzima. Shule iko Shermer, mji wa kubuni katika jimbo la Illinois, pembezoni mwa Chicago. Makamu mkuu wa shule, Vernon, anawapa insha: kila mmoja aeleze anadhani yeye ni nani. Hadi jioni wameshatukanana, wamevuta bangi, wamecheza muziki, wamelia na kuambiana mambo ambayo hata marafiki zao hawayajui. Filamu nzima ni hiyo, vijana watano ndani ya chumba kimoja.

Sasa tazama sentensi zako. Kila moja inaanza na jina la mtu na kuishia na tabia. Umewatazama kama samaki watano waliopangwa juu ya meza, kila mmoja na magamba yake. Elimujamii haiishii kwenye samaki, inauliza habari za wavu: nani kaufuma, kwa tundu za ukubwa gani, na kwa nini huyu kanasa na yule kapita. Tena filamu yenyewe imekutangulia. Mwishoni Brian anaandika insha moja kwa niaba ya wote, akimwambia Vernon kwamba alikwisha kuwaamulia wao ni nani: kichwa, mwanamichezo, chizi, binti mfalme na mhalifu. Majina hayo ndiyo wanayohangaika nayo tangu asubuhi. Wewe umeyachukua ukayaandika kama jibu, wakati ndiyo swali lenyewe.

Na usiseme majina hayo ni ya Marekani. Pita shule yoyote ya hapa, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, utamkuta kipanga, kilaza, bishoo, mshamba na mtoto wa geti kali. Yameshonwa kwa mwili wa mtu kama nembo ya shule kwenye mfuko wa shati.

Nitakupa mfano ninaoujua kwa karibu. Nilisoma sekondari ya kutwa hapa jijini, miaka mingi nyuma. Dawati moja na mimi alikaa kijana tuliyemwita Kauzu. Jina lilianza na harufu. Kabla ya shule alikuwa akibeba magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, kuanzia saa kumi alfajiri, boti za visiwani zinaposhusha mzigo. Alijimwagia maji, alijisugua, lakini vumbi la dagaa hukaa kwenye mishono ya shati, chini ya kola, na jua la saa nne likishapiga bati la darasa, harufu inaamka. Dagaa wakavu ndio kauzu, basi naye akawa Kauzu. Lakini wewe na mimi tunajua neno hilo lina maana ya pili mtaani: mtu mkavu, asiyejali, asiye na aibu. Sikumbuki ni siku gani jina lilivuka kutoka maana ya kwanza kwenda ya pili. Nakumbuka tu kwamba kidato cha kwanza, mwalimu wa zamu alipomchapa kwa kuchelewa, alilia. Kidato cha tatu alipochapwa alikuwa akitazama upande wa ziwani kama mtu anayengoja boti, na mwalimu akatugeukia: "Mnaona? Kauzu kweli."

Howard Becker, mwanaelimujamii wa Marekani, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha 1963 kuhusu watu wanaohesabiwa kuwa wakorofi. Hoja yake ni kwamba ukorofi haumo ndani ya kitendo kama chumvi ndani ya maji ya bahari. Watu hutunga kanuni, kisha huwabandika baadhi ya watu jina la kuzivunja, na jina likishabandikwa hufanya kazi yake lenyewe. Mtu huanza kuishi ndani yake kwa sababu milango mingine imefungwa.

Irudie filamu ukiwa na hoja hiyo mkononi, na uweke kando majina. Tazama makosa tu. Andrew, mpiga mieleka, alimvamia mwanafunzi mnyonge chumba cha kubadilishia nguo na kumbandika utepe wa gundi matakoni. Ulipobanduliwa ulitoka na nywele na ngozi. Brian alileta bastola ya kurushia fataki za ishara, na inabainika alitaka kujiua kwa sababu alifeli somo la ufundi. Claire alitoroka darasa akaenda madukani. Bender aliwasha king'ora cha moto cha uongo. Allison hana kosa; alikuja tu kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Kati ya hao, aliyejeruhi mtu ni Andrew, na aliyeleta silaha ni Brian. Lakini mhalifu ni nani? Ni Bender. Andrew anabaki mwanamichezo, Brian anabaki kichwa. Hapo ndipo uchambuzi wako ulipaswa kuanzia, mwanangu, na ningekuwa wewe ningetumia ukurasa mzima hapo, maana sijui filamu nyingine ya vijana inayoonyesha wazi kiasi hiki kwamba jina na kitendo ni vitu viwili.

Kisha utazame Vernon anavyomwongezea Bender Jumamosi moja baada ya nyingine, kila akijibu anaongezewa, na yeye kila akiongezewa anajibu. Baadaye anamfungia stoo peke yake, anamchokoza ampige, na kumkumbusha kwamba hakuna atakayemwamini. Becker huyohuyo aliandika mwaka 1967 kuhusu ngazi ya kuaminiwa: aliye juu hudhaniwa anasema kweli kabla hajafungua mdomo. Vernon anaijua ngazi hiyo vizuri kuliko profesa yeyote.

Nirudi kwa Kauzu, maana bado hatujaona wavu wote. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika, na mzigo unaofika Mwaloni hupungua. Kwa hiyo kuchelewa kwa Kauzu kulikuwa na ratiba. Ungelichukua daftari la mahudhurio ukaliweka kando ya kalenda ya mwezi, ungeona siku zake za kuwahi na siku zake za viboko zikifuatana na mwezi. Hakuna mwalimu aliyefanya hivyo. Daftari lilikuwa na safu ya "amechelewa", halikuwa na safu ya magunia.

C. Wright Mills, naye mwanaelimujamii wa Marekani, mwaka 1959 alitofautisha tatizo la mtu na suala la jamii kwa mfano wa ajira. Katika mji wa watu 100,000 mmoja akikosa kazi, chunguza tabia yake na ujuzi wake. Lakini katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, watu milioni 15 wakikosa kazi, kutafuta sababu ndani ya mtu mmojammoja ni kupoteza wakati. Bender ana kovu la kuchomwa na sigara nene (cigar) mkononi. Baba yake alimchoma kwa kumwaga rangi gerejini. Saikolojia itamuuliza Bender kovu hilo limemfanya nini, na ni swali halali. Wewe uliza lingine: kwa nini shule inayokagua makabati ya wanafunzi haijawahi kuuona mkono wake? Na kumbuka ni Marekani ya miaka gani hiyo. Mwisho wa 1982 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8. Filamu haisemi lolote kuhusu hilo, ila nyumba kama ya Bender hazikuwa zimeelea hewani.

Sasa tabaka. Hapa nakupa zoezi: washa dakika za mwanzo, zima sauti. Claire anashushwa na baba yake kwenye BMW. Brian yuko na mama yake na mdogo wake wa kike, na namba ya gari lao imeandikwa mlinganyo wa Einstein. Andrew analetwa na baba anayemhimiza bado kuhusu mieleka. Gari la Allison linaondoka kabla hajawaaga waliolipanda. Bender anakuja kwa miguu, na nusura gari hilo limgonge. Hakuna aliyesema neno la maana bado, na tayari umejua nani anamiliki nini na nani anamilikiwa na nani. Kasimame asubuhi nje ya shule yoyote ya Mwanza uone nani anashuka basi la njano la shule binafsi, nani anashuka bodaboda akiwa wa tatu, na nani viatu vyake vina vumbi hadi kwenye kifundo.

Halafu chakula cha mchana. Claire anafungua kisanduku cha sushi, samaki mbichi wa Kijapani, akiwa Illinois mwaka 1984. Brian ana supu na mkate ambao mama ameukata kingo. Andrew anatoa shehena ya chakula, kwa sababu mwili wake ni mradi wa baba. Allison anatupa nyama na kujaza mkate wake sukari ya unga na nafaka za kifungua kinywa. Bender hana kitu. Pierre Bourdieu, Mfaransa, alionyesha mwaka 1979 kwamba ladha haitoki kwenye ulimi peke yake. Ni alama ya tabaka, tunaitumia kujipambanua. Sushi ya Claire haimshibishi zaidi ya mkate wa Brian. Inachosema ni kwamba nyumbani kwao wanajua vitu usivyovijua wewe. Huo ndio mtaji wa kitamaduni. Kwetu hapa mtaji huo unasikika zaidi mdomoni: mtoto anayeingia kidato cha kwanza na Kiingereza cha shule binafsi, na mwenzake wa kayumba anayejua jibu lakini analimeza kwa kuogopa kuchekwa. Mwalimu akiandika "hachangii darasani" ameshambandika.

Kuhusu wasichana nitasema kwa ufupi, ila usiliruke. Kuna mahali Claire anabanwa aseme kama ameshalala na mwanamume. Allison anaueleza mtego wenyewe: ukisema bado, unaitwa mshamba anayejifanya mtakatifu, ukisema tayari, unaitwa malaya. Brian naye anabanwa kwa swali hilo, ila mvulana akisema tayari haitwi malaya. Kwetu mtego huo ulikuwa na meno ya sheria na taratibu: msichana aliyepata ujauzito alikuwa akifukuzwa shule, mpaka Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Na ule mwisho, Claire anapomrembesha Allison na Andrew ghafla anamwona, mimi haunifurahishi hata kidogo. Binti aliyejificha nyuma ya nywele zake anapokelewa kwa sharti la kufanana na aliye juu. Uandike hivyo bila kuogopa; kuipenda filamu hakukuzuii kuona inapoteleza.

Kuna jambo dogo ambalo watazamaji wengi huwaponyoka. Jioni, Claire yuko na Bender, Andrew yuko na Allison. Brian yuko na karatasi. Wanne wamemwomba aandike insha kwa niaba ya wote, na anakubali kwa furaha. Umewahi kufanya kazi ya kundi chuoni? Basi unajua. Kipanga hupokelewa kundini kwa kazi yake, na kazi ikiisha kukabidhiwa nafasi yake inakuwa na mashaka.

Usimsahau pia Carl, mfagizi. Mwanzoni kabisa kamera inapita kwenye picha ukutani: alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo, tena aliyetunukiwa sifa. Leo anamwaga mapipa yao ya taka. Anawaambia vijana kwamba anasikia mazungumzo yao na kusoma barua zao, na ni yeye anayemwambia Vernon kwamba watoto hawajabadilika, aliyebadilika ni yeye Vernon. Ukitaka kuijua shule, mtafute mlinzi na mpishi. Wao huona nyuma ya pazia, kule ambako mwanaelimujamii Erving Goffman alisema watu huvua nyuso walizovaa jukwaani.

Nimfikie mwenzako wa chumbani. Sehemu ya hoja yake ni ya kweli. Wote watano ni Weupe, na Chicago yenye Weusi wengi iko jirani tu. Filamu inazungumzia nani anatengwa huku ikiwa imeshawaacha wengi nje ya mlango, na hilo nalo ni data, liandike. Lakini akisema haina la kumfundisha mtu wa Buhongwa, mwambie hivi. Nadharia inayoieleza Jumamosi ile vizuri kuliko zote ilizaliwa Afrika. Victor Turner, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliishi na Wandembu wa kaskazini-magharibi mwa Zambia miaka ya 1950 akitazama jando lao. Aliona kwamba vijana wanapotolewa kijijini na kuwekwa kando, mtoto wa mkubwa na mtoto wa mnyonge huvuliwa vyeo, hulala chini pamoja, hupigwa pamoja, na kati yao huzuka undugu ambao kijijini haupo. Aliandika kitabu kuhusu hali hiyo mwaka 1969. Ile maktaba ni kambi ya jando. Vernon amewatoa kijijini kwao, yaani kwenye korido na kantini ambako kila kundi lina meza yake, akawafungia kizingitini bila kujua anachofanya.

Lakini wa jando hurudi na jina jipya, na kijiji kizima humpokea kwa jina hilo. Watoto hawa watano hakuna anayewapokea. Ndiyo maana swali kubwa la filamu analiuliza Brian, wakiwa wamekaa sakafuni: Jumatatu itakuwaje? Tukikutana koridoni, tutasalimiana? Claire anajibu kwamba hapana, hadhani. Wanamshukia wote. Bender anamtukana, Brian anasema yeye asingewafanyia hivyo, na Claire anajibu kwamba ni rahisi kwake kusema, kwa sababu wa chini humtazama wa juu. Brian analia. Watazamaji wengi humchukia Claire hapo. Mimi naona ndiye mwanaelimujamii pekee mle chumbani. Hajasema lililo jema, amesema linavyofanya kazi: kumsalimu Brian koridoni kuna gharama, na anayelipa si Claire peke yake, ni kundi lake lote linaloshuka bei.

Najua, kwa sababu nimewahi kuwa Claire. Jumamosi moja mimi na Kauzu tulipewa adhabu pamoja, yeye kwa kuchelewa, mimi kwa kunaswa nikiongea Kiswahili darasani. Tulisomba mawe kutoka mlimani nyuma ya shule, ya kujengea msingi wa choo. Nilianza kuyabeba kwa mikono. Akanizuia. "Piga goti kwanza. Lipandishe pajani. Sasa bega." Akavua shati lake, akalisokota kata, akaniwekea begani. Saa saba alininunulia mihogo ya kukaanga kwa hela ya magunia, na tulipokaa kivulini akanionyesha anavyogawa ujira wa wabebaji kumi na wawili kichwani, kila mtu na idadi yake ya magunia, kabla mimi sijapata kalamu mfukoni. Hesabu darasani alikuwa na 14 kwa mia.

Jumatatu tukapanga mstari. Usiku uliopita mwezi ulikuwa mpevu, mzigo haukushuka, kwa hiyo Kauzu alifika mapema. Mwalimu wa zamu akamwona, akapaza sauti: "Leo Kauzu amewahi! Mwezi umepatwa?" Hakujua alivyokaribia kusema jambo la kweli. Mstari mzima ukacheka. Nami nikacheka. Bega langu bado lilikuwa linauma, na nilicheka. Aligeuka akaniangalia, si kwa hasira, kisha akatazama mbele. Muhula uliofuata hakurudi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilicheka. Sikuwa namchukia. Nilikuwa mtoto wa mwalimu, kipanga, nafasi yangu mstarini ilikuwa nzuri, na kicheko kile ndicho kilikuwa kiingilio chake. Ukiandika hapo "alikuwa na roho mbaya" utakuwa umerudi kwenye kurasa zako nne za mwanzo. Uliza kiingilio kilipangwa na nani.

Kwa hiyo ianze upya kazi yako. Usianze na Claire wala Bender; anza na uhusiano mmoja, ufuate kuanzia wanaposhuka garini hadi jioni. Ningekushauri Brian na Claire, maana wanagusana mara chache na kila mara panauma. Chagua mtaalamu mmoja, wawili wakizidi, usimwage majina. Ile orodha yako ya tabia usiichane, iweke mwishoni kama ushahidi kwamba hata wewe ulinaswa na majina kwa muda. Na mwombe mwenzako wa chumbani atazame nawe mara ya pili, kisha umuulize yeye shuleni kwao walimwita nani.